Kuhakiki Hadithi Ambayo Haijaisha: Hunter × Hunter Sura kwa Sura

Tangu muhula wa kwanza tumefundishwa kuiuliza kazi ya fasihi maswali yaleyale: mgogoro unaanzia wapi, kilele kiko wapi, na mwandishi anausuluhishaje mgogoro huo mwishoni. Maswali haya yananifaa ninaposoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kitabu kina jalada la mbele na jalada la nyuma, na nikifika ukurasa wa mwisho najua ndugu wale wawili waliogeuzwa manyani wameishia wapi. Lakini tufanyeje na hadithi ambayo mwandishi wake yu hai, ni mgonjwa, huandika sura chache kisha akanyamaza kwa miaka, na baada ya zaidi ya miaka 25 bado hajaimaliza? Je, tungoje mpaka aimalize ndipo tuihakiki? Na asipoimaliza je?

Hadithi ninayoizungumzia ni Hunter × Hunter ya Mjapani Yoshihiro Togashi. Ni manga, yaani hadithi inayosimuliwa kwa michoro na maneno, nayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ilianza kuchapishwa Machi 1998 katika jarida la kila wiki liitwalo Weekly Shonen Jump, sura moja kila toleo, kila sura ikiwa na kurasa zipatazo 20. Ninapoandika insha hii, sura ya karibuni ni ya 410, iliyotoka Desemba 2024. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya namna hii inahitaji kuhakikiwa kwa kipimo cha sura, na kwamba kipimo hicho hutuonyesha mambo ambayo kipimo cha kitabu kizima huyaficha. Hoja yangu ya pili ni ngumu zaidi kuitetea: nadai kwamba hata kama Togashi hataimaliza, wasomaji wake hawatakuwa wamedhulumiwa.

Kwanza niseme nimeisomaje, kwa kuwa namna ya kusoma ndiyo kiini cha hoja yenyewe. Sura ya 1 hadi ya 390 nilizisoma kwa mkupuo wakati shule zetu hapa Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020. Wengi wetu hatukurudi madarasani kikamilifu hadi Januari 2022. Nilisoma usiku na mchana, sura 10 au 15 kwa siku, kama mtu anayekula karanga. Sura ya 391 na zilizofuata nilizisoma kama zilivyotolewa. Sura mpya hutoka Japani Jumatatu saa 6 usiku, na kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni Jumapili saa 12 jioni. Basi kwa wiki 10 kuanzia Oktoba 2022, na wiki nyingine 10 kuanzia Oktoba 2024, Jumapili yangu jioni ilikuwa na miadi. Nilisoma kwa Kiingereza katika programu ya simu ya mchapishaji mwenyewe. Miongoni mwa lugha za programu hiyo Kiswahili hakimo. Kwa hiyo nina uzoefu wa aina mbili wa hadithi moja, na naweza kuulinganisha.

Kwa ajili ya wenzangu wasioijua, muhtasari ni huu. Gon Freecss ni mvulana wa miaka 12 anayelelewa na Mito, ndugu wa baba yake, katika Kisiwa cha Nyangumi. Anagundua kwamba baba yake, Ging, yu hai na ni “hunter”, yaani mwindaji mwenye leseni: mtu anayeruhusiwa kwenda popote kutafuta hazina, wanyama adimu, wahalifu, au chochote alichojiapiza kukitafuta. Gon anaondoka kwenda kuufanya mtihani wa uwindaji ili ampate baba huyo. Njiani anapata marafiki watatu: Killua, mtoto wa ukoo wa wauaji wa kukodiwa; Leorio, anayetaka kuwa daktari; na Kurapika, aliyebaki peke yake baada ya kabila lake, Wakurta, kuuawa na kundi la wezi lijiitalo Buibui. Wauaji waliyataka macho ya Wakurta, ambayo hugeuka mekundu kwa hasira na huuzwa kwa bei ya juu sana.

Mpaka hapo ni hadithi ya safari, na msomaji wa ngano zetu hatakuwa mgeni: kijana anaondoka kwao, anapewa majaribio, anapata wasaidizi. Lakini baada ya mtihani Togashi anaingiza kitu kinachoibadilisha hadithi nzima, nacho ni Nen. Nen ni nguvu ya uhai inayotoka mwilini, ambayo mtu hufundishwa kuizuia, kuificha, kuizidisha na hatimaye kuipa umbo lake mwenyewe. Katika hadithi nyingi za kichawi, nguvu ni kipaji: unazaliwa nayo, au jini anakupa. Katika Nen, nguvu huzidi kadiri mtu anavyojifunga kwa masharti. Kurapika anatengeneza mnyororo usioshindika, kwa sharti kwamba autumie dhidi ya wanachama wa Buibui pekee; akiutumia kwa mtu mwingine yeyote, atakufa papo hapo. Sharti ndilo linaloupa mnyororo nguvu. Baadaye tunafahamishwa kwamba macho yake yakiwa mekundu na akatumia uwezo wake mkuu, kila sekunde 1 inamkata saa 1 ya maisha.

Hili la masharti ni dhamira kubwa ya kazi hii, na mtu aliyesoma kwa mkupuo ataiona. Wanasimulizi wetu pia wanalijua: katika ngano, anayepewa hirizi hupewa na mwiko, na mwiko ndio unaobeba hadithi. Tofauti ni kwamba katika ngano mwiko hutolewa na mwingine, bibi kizee au jini, na shujaa hujaribiwa kama atautii. Kwa Togashi mhusika hujitungia mwiko mwenyewe, akaamua yuko tayari kupoteza nini. Kwa hiyo kila uwezo wa Nen ni wasifu wa mhusika. Ukijua sharti alilojiwekea, umejua anachokiogopa na anachokipenda. Gon anapofika mahali pa kutoa kila alichonacho na kila ambacho angekuja kuwa nacho, ili tu amwangamize adui mmoja aliyemuua mtu aliyempenda, msomaji haambiwi kwamba mtoto huyu ana jambo la kutisha ndani yake. Anaonyeshwa bei aliyokubali kulipa, basi.

Sasa niingie katika suala la sura. Sura ya jarida la kila wiki huishi chini ya shinikizo. Wasomaji wa Shonen Jump hupigia kura hadithi wanazozipenda, na hadithi zisizopendwa hukatwa. Kwa sababu hiyo wachoraji wengi huimalizia sura kwa taharuki: mlango unafunguliwa, upanga unashuka, nenda ukarudi wiki ijayo. Hapa Afrika Mashariki tunaijua mbinu hii kutokana na riwaya za magazetini kama zile za Eric Shigongo nchini Tanzania, ambazo humwacha mhusika ukingoni mwa kifo kila toleo ili msomaji anunue gazeti linalofuata. Siidharau mbinu hiyo. Imewafundisha watu wengi kusoma kwa hamu.

Togashi huitumia, lakini mara nyingi hufanya kinyume chake. Katika sehemu ya Chimera Ant, ambapo wadudu waliojipatia akili na maumbo ya watu wanatawaliwa na mfalme aitwaye Meruem, wawindaji wanaivamia kasri usiku wa manane. Dakika chache za uvamizi huo zinachukua sura baada ya sura. Msimulizi anaingia na kueleza kila mhusika alikuwa wapi, alifikiri nini, mguu wake ulikuwa umefika ngazi ya ngapi. Nilipoisoma kwa mkupuo niliona kama muziki ulioongezwa kasi: sekunde zinapasuka moja baada ya nyingine. Mwanafunzi mwenzangu aliyenitangulia kuipenda kazi hii alinieleza kwamba yeye alijilazimisha kusoma sura moja kwa siku, na kwake ilikuwa tofauti kabisa. Siku nzima ilipita huku mtu mmoja akiwa bado hewani, hajatua. Sote wawili tulisoma maneno yaleyale. Yeye alikaa ndani ya sekunde ile, mimi niliipita.

Tena, tazama jinsi sehemu hiyo inavyofikia tamati. Meruem, aliyezaliwa kula watu, anakufa kwa sumu ya silaha ya wanadamu huku akicheza mchezo wa bao la kubuniwa na Komugi, msichana asiyeona, ambaye hajawahi kumshinda hata mara moja. Mwishowe macho ya mfalme yanazimika pia. Togashi anatuondolea michoro: kurasa zinakuwa nyeusi, zimebaki sauti mbili tu ndani ya vibonge vya maneno. Sisi tuliokuwa tukiangalia tunafanywa vipofu pamoja nao. Kifani hilo ni tendo ambalo riwaya isingeweza kulifanya kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa riwaya haina picha ya kutunyang'anya.

Baada ya hapo, mwaka 2012, Gon anampata baba yake juu ya Mti wa Dunia. Swali lililoianzisha hadithi limejibiwa. Kwa kipimo cha msuko tuliofundishwa, hadithi imeisha. Lakini Togashi hakuishia hapo, na ndipo panapoanza ugomvi kati ya wasomaji. Sehemu inayoendelea hadi sasa inahusu meli kubwa iitwayo Black Whale, iliyobeba watu 200,000 kuelekea Bara la Giza. Ndani yake, watoto 14 wa mfalme wa Kakin, wote wakiitwa wana wa mfalme, wake kwa waume, wanapaswa kuuana mpaka abaki mmoja atakayerithi kiti. Kila mmoja amepewa mnyama wa roho anayemlinda bila yeye mwenyewe kumwona. Kurapika ni mlinzi wa mwana wa 14, Woble, ambaye ni mtoto mchanga. Gon hayumo melini kabisa.

Lawama dhidi ya sehemu hii ni tatu. Ya kwanza ni wingi wa maneno: kurasa zimejaa maandishi hadi michoro inabanwa pembeni. Ya pili ni wingi wa wahusika: wana 14, mama zao, walinzi, wanajeshi, koo tatu za wahalifu, na Buibui wenyewe wakimwinda Hisoka. Ya tatu ni mapengo. Sura ya 390 ilitoka Novemba 2018 na ya 391 ikaja Oktoba 2022. Nani atakumbuka mlinzi wa mwana wa 8 baada ya miaka karibu 4?

Lawama ya kwanza nakubaliana nayo kwa sehemu. Kuna kurasa katika sura za 2018 ambapo mhusika mmoja anawaza mambo matano kuhusu mpango wa mhusika mwingine anayewaza mambo manne, na mchoro hauna kazi isipokuwa kutuonyesha ni kichwa cha nani kinachowaza. Mchoraji aliyeweza kutuzimia taa kwenye kifo cha Meruem anajua vema picha inaweza kusema nini. Hapo ameiacha ikae bure. Mhakiki asiitetee kila kitu kwa sababu ya mapenzi.

Lawama ya pili naikataa. Wingi wa wahusika ni sehemu ya maana. Ndani ya meli kila mtu anaishi kwa kukisia: nani ana Nen, nani ni jasusi wa nani, mnyama wa nani anafanya nini. Msomaji anayelazimika kushika kalamu na kuchora jedwali, kama nilivyofanya mimi nyuma ya daftari langu la isimu, amewekwa katika hali ileile ya Kurapika. Zaidi ya hayo, wingi huo unatufunza kuhesabu vifo vizuri. Momoze, mwana wa 12, ni msichana mpole ambaye mama yake humpendelea mdogo wake. Anauawa usingizini mapema kabisa, kabla hatujamjua vya kutosha. Hadithi yenye wahusika wachache isingeweza kutufanya tuone aibu kwamba kifo cha mtoto kimetupita kama jina katika orodha.

Mfano mwingine ni wa Kacho na Fugetsu, wana wa 10 na wa 11, ambao ni mapacha. Kacho hujifanya mkorofi na mwenye kiburi ili aonekane hamjali dada yake, kumbe ndivyo anavyomlinda. Wanajaribu kutoroka pamoja, naye Kacho anakufa. Kisha mnyama wake wa roho anachukua umbo lake na kubaki kando ya Fugetsu. Hapa maajabu hayapo kwa ajili ya kutustaajabisha. Kila ukurasa unaofuata ambamo “Kacho” anatokea, msomaji anajua anamwona nani, na swali linamkaa kooni: je, upendo wa kitu kilichoumbwa ili kukulinda ni upendo? Togashi hajajibu.

Kuhusu mapengo, jibu langu linatokana na sura tatu nilizozisoma moja moja, wiki kwa wiki: ya 395, 396 na 397, za Novemba na Desemba 2022. Mpaka hapo Buibui tuliwajua kama wauaji wa kabila la Kurapika. Togashi anaturudisha utotoni mwao, Meteor City, jalala ambapo dunia nzima hutupa isichokitaka, wakiwemo watu. Watoto hao wameokota kanda za video za mashujaa waliovaa rangi mbalimbali, lakini lugha ya kanda hawaijui. Mmoja wao, Chrollo, ambaye baadaye atakuwa mkuu wa Buibui, amejifunza lugha ile, na anawaandaa wenzake kuwaingizia sauti wahusika mbele ya watoto wadogo. Wanafanya mazoezi, wanagawana sauti. Hata wakorofi wa mtaa wananaswa na mchezo.

Sidhani kama msomaji wa Tokyo au wa Paris aliziona kurasa hizi kama tulivyoziona sisi. Mtu aliyekulia Uganda amekaa katika kibanda cha video akimsikiliza vijee kama VJ Jingo akiipa filamu ya kigeni sauti ya Kiganda. Mkenya anamjua DJ Afro. Tunajua kwamba anayetafsiri pale hatafsiri tu. Anaongeza, anachekesha, anawapa wahusika majina ya mtaani, na filamu inakuwa yetu. Chrollo mdogo ni vijee. Nilipoisoma sura ya 395 nilicheka peke yangu, nikampigia ndugu yangu anayenifuata nikamsimulia. Kwa wiki nzima watoto wale walikuwa watoto tu kwangu. Wiki iliyofuata nikabaki nao tena. Kisha Sarasa, mdogo wao mwenye furaha kuliko wote, akapotea, akapatikana ameuawa kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Chrollo anaapa, na mtoto aliyetaka kuigiza shujaa anaamua kuwa mwovu wa kutosha hata dunia iuogope mji wake.

Laiti ningezisoma sura hizo tatu kwa mkupuo, ningetumia dakika 20. Ningeelewa kwa akili kwamba wauaji nao waliuliwa mpenzi wao. Lakini kwa kuwa nilikaa nao wiki mbili nikiwapenda, nilijikuta katika hali ngumu zaidi: nimewapenda watu waliowang'oa macho Wakurta. Kurapika yumo ndani ya meli ileile. Siku akikutana na Chrollo, nitamtakia nani ushindi? Sura haikuhitaji kuniuliza. Pengo la siku saba lilitosha kuuandaa moyo wangu kwa swali hilo. Hivyo nasema pengo katika kazi ya mfululizo ni sehemu ya fani. Ni kama kimya cha fanani katikati ya ngano: hadhira inaendelea kuitunga hadithi vichwani wakati yeye ananyamaza.

Hata hivyo, kimya cha siku saba si sawa na kimya cha miaka minne, na hapo sina budi kusema habari za mwili wa fanani mwenyewe. Togashi, aliyezaliwa 1966, ameeleza hadharani kwamba maumivu ya mgongo yalimfanya ashindwe kuketi kitini na kuchora kwa muda wa kama miaka miwili, na kwamba alirejea kazini kwa kuchora akiwa amelala. Kuna sura za zamani zilizotoka jaridani zikiwa michoro ya haraka tu, penseli zikionekana, akazichora upya kwa ajili ya juzuu. Ratiba ya kuchora kurasa 20 kila wiki kwa miaka mingi haimwachi mtu salama. Baada ya sura ya 400, Desemba 2022, ilitangazwa kwamba hadithi hii haitatoka tena kwa mpangilio wa kila wiki. Msomaji anayelalamika kwamba mwandishi ni mvivu anadai sekunde za saa ya mtu mwingine, na Kurapika ameshatuonyesha sekunde moja hugharimu nini.

Hofu ya wasomaji ina sababu. Mei 2021 alifariki Kentaro Miura, mwandishi wa Berserk, manga iliyoanza 1989, kabla ya kuimaliza. Iliendelezwa mwaka uliofuata na wasaidizi wake chini ya rafiki yake Kouji Mori, aliyekuwa amesimuliwa na marehemu hadithi ingekwendaje. Togashi naye, mwaka 2023, alipeleka ujumbe katika kipindi cha televisheni cha Japani akaeleza mmoja wa miisho aliyoifikiria, ili wasomaji wawe nao endapo atafariki kabla ya kumaliza. Miisho mingine aliyokuwa akichagua kati yake aliiweka akiba.

Nimejadiliana na wenzangu kuhusu tendo hilo. Wapo wanaosema amevunja hadithi yake, kwani sasa hata akimaliza kwa namna nyingine tutakuwa na miisho miwili. Mimi naliona kama sharti la Nen. Mtu anayejua huenda asifike, anajifunga mbele ya mashahidi: nikishindwa, hiki ndicho kitakuwa chenu. Ametoa dhamana. Na kwa kuwa dhamana ipo, sura inayokuja haibebi tena mzigo wa kutufikisha mwisho. Inaweza kuwa sura tu. Katika sura za 2024 alituwekea mchezo mrefu wa karata kati ya Morena, kiongozi wa ukoo mmoja wa wahalifu, na Borksen, mwanajeshi anayeshawishiwa ajiunge naye. Mwandishi mwenye haraka ya kufika bandarini asingetenga nafasi kwa mazungumzo hayo. Togashi aliitenga, na mazungumzo hayo ni miongoni mwa mambo makali zaidi aliyoyaandika kuhusu hiari na kulazimishwa.

Ndiyo maana nasema hatujadhulumiwa. Anayedhulumiwa ni aliyeahidiwa kitu kimoja akapewa kingine. Mwaka 1998 tuliahidiwa mtoto atamtafuta baba yake. Mwaka 2012 alimpata. Yote yaliyofuata ni nyongeza, na kila sura ya nyongeza hiyo imelipa deni lake ndani ya kurasa zake yenyewe. Atakayetaka kunipinga asiniambie kwamba hadithi haijaisha. Anioneshe sura ambayo, ikisomwa peke yake kwa wiki nzima, haina uzito. Ninazo chache ambazo angeweza kuzitumia dhidi yangu, na nimekwisha kuzitaja zile za 2018 zenye vichwa vinavyowaza.

Kwa wahadhiri wetu na wenzangu wa fasihi, pendekezo langu ni dogo. Tunapochambua kazi za mfululizo, ziwe manga, riwaya za magazetini au tamthilia za redio, tuongeze maswali mawili katika orodha yetu ya fani: kila kipande kinafanya kazi gani kikiwa peke yake, na kimya kati ya vipande kinafanya kazi gani kwa hadhira? Bila maswali hayo tutaendelea kuzihukumu kwa sheria za kitabu chenye majalada mawili, na tutakuwa tumewasoma nusu.

Sura ya 410 imekwisha, na meli bado iko baharini. Woble hajajifunza hata kutembea, Kurapika anaendelea kukata saa za maisha yake, na mahali fulani katika madaraja ya chini Buibui wanazunguka. Jedwali langu lingali nyuma ya daftari la isimu, na nimeacha kurasa tatu wazi.